Mtambo wa Kukeneka Unapogoma: Dalili, Visababishi na Marekebisho kwa Kiwanda Kidogo cha Kando ya Ziwa

Mtu anayeanzisha kiwanda kidogo cha pombe kali Mwanza huuliza kwanza anunue chungu cha lita ngapi. Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni maji ya kupozea yataingia yakiwa na joto gani, na la pili ni joto litakaloingizwa chini ya chungu ni la kilowati ngapi, kwa sababu kila kilowati inayoingia kwenye chungu lazima itolewe na kipoza mvuke, yaani kile ambacho mafundi wengi hukiita kondensa. Chungu kikubwa chenye kipoza mvuke kidogo ni hasara ya fedha na ni hatari ya moto. Matatizo mengi ninayoitwa kuyatazama, kuanzia Nyakato hadi vijiji vya ufukweni, asili yake ni kwamba mtambo ulisanifiwa kwa ajili ya nchi baridi, ukanunuliwa pamoja na kitabu chake cha maelekezo, na hakuna aliyekumbuka kwamba ziwa letu lina joto na liko juu.

Mwongozo huu unahusu kiwanda chenye leseni. Kukeneka pombe, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake ili kupata pombe kali, bila leseni ni kosa la jinai Tanzania, na bidhaa inayouzwa lazima ipite kwenye viwango vya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania). Chungu ninachokichukua kama mfano ni cha lita 200, kinachopashwa joto kwa elementi za umeme za kilowati 6, kikikeneka pombe ya molasi ya Kagera au ya matunda kama nanasi na ndizi.

Dalili: kipimajoto kinatofautiana na kitabu

Ninaanza na hili kwa sababu kipimajoto kisichoaminika huharibu uchunguzi wote unaofuata. Mtumiaji husoma kwamba alkoholi huchemka katika nyuzijoto 78.3 na maji katika nyuzi 100, kisha anaona mvuke wake ukipita juu ya chungu huku kipimajoto kikionyesha namba ndogo zaidi ya alivyotarajia. Hukimbilia kununua kipimajoto kingine, nacho kinaonyesha vilevile.

Hakuna kilichoharibika. Uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na ya pwani. Kwa hiyo maji huchemka Mwanza katika nyuzi 96 hivi, na alkoholi tupu katika nyuzi 75 hivi. Jedwali lolote linalokuambia ubadilishe chombo cha kupokelea pombe unapofika joto fulani linapaswa kupunguzwa nyuzi tatu na nusu hadi nne.

Njia ya kuhakiki ni rahisi. Jaza chungu maji matupu, yachemshe mpaka mvuke utoke mfululizo, kisha usome. Kipimajoto kikionyesha 96 ni kizima. Kikionyesha 100 kamili, kinakudanganya kwa nyuzi nne, na ukikiamini utaacha mapema kukusanya moyo, yaani sehemu nzuri ya katikati ya mkeneko, ukidhani umeshafika kwenye mkia, yaani sehemu ya mwisho. Andika tofauti hiyo kwa rangi isiyofutika kwenye ubavu wa mtambo. Hakikisha pia kwamba ncha ya kipimajoto iko mahali mvuke unapopinda kuelekea kwenye kipoza, kwa sababu kikiwekwa juu zaidi husoma hewa iliyotuama, na kikiwekwa chini sana hurushiwa matone ya pombe inayochemka.

Dalili: pombe inatoka ikiwa ya moto, au mvuke unaonekana kwenye mdomo wa bomba

Hii ndiyo dalili inayotakiwa kusimamisha kazi papo hapo. Mvuke wa alkoholi huwaka ukichanganyika na hewa kwa kiwango cha kuanzia takribani asilimia 3.3, nayo pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ikifika nyuzi 26 hivi, joto ambalo Mwanza hulipata karibu kila mchana. Kwa hiyo zima joto kwanza, fungua madirisha, na usiguse swichi nyingine yoyote iliyo karibu na mdomo wa bomba. Uchunguzi utafuata mtambo ukishapoa.

Chunguza kwanza kiasi cha maji. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: elementi za kilowati 6 zikifanya kazi kikamilifu, maji yakiingia na nyuzi 25 na kutoka na nyuzi 45, unahitaji takribani lita 4.3 kwa dakika, yaani karibu lita 260 kwa saa. Mwenzako wa Uskochi mwenye maji ya nyuzi 10 angehitaji lita 147 tu kwa saa kwa kazi ileile. Chukua ndoo ya lita 10 na saa, kinga maji yanayotoka kwenye kipoza, na upime. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika mbili na theluthi moja kujaa, umepata kisababishi.

Maji yakiwa ya kutosha, pima joto lake mahali yanapoingilia, wala usiridhike na joto la ziwa. Maji ya ziwa huwa karibu nyuzi 25, lakini yakikaa kwenye tanki jeusi juu ya paa na kupita kwenye bomba jeusi lililolala juani, saa nane mchana hufika kwenye kipoza yakiwa na zaidi ya nyuzi 30. Nimeona kiwanda kilichokuwa kinajiandaa kununua kipoza kipya cha bei kubwa, ilhali kilichohitajika kilikuwa kulijengea tanki kivuli cha makuti, kulifukia bomba, na kuanza kazi alfajiri.

Anayezungusha maji yaleyale kutoka kwenye tanki na kuyarudisha anakabiliwa na hesabu nyingine. Kilowati 6 huongeza joto la lita 2,000 kwa nyuzi mbili na nusu hivi kila saa, kwa hiyo baada ya saa nne maji yaliyoanza na nyuzi 25 yamefika 35. Mtambo ulioanza vizuri asubuhi unaanza kutoa pombe ya moto mchana, na mwendeshaji anadhani kipoza kimeziba. Dawa yake ni tanki kubwa zaidi, au rejeta ya gari yenye feni iliyowekwa kwenye njia ya maji ya kupozea. Nasisitiza njia ya maji. Rejeta ya gari haipaswi kamwe kupitisha mvuke wala pombe, kwa sababu viungo vyake mara nyingi vimelehemiwa kwa risasi, na madini hayo yakiingia kwenye pombe humdhuru mnywaji ubongo, figo na damu.

Kinachofuata ni mwelekeo wa maji. Maji baridi yanapaswa kuingilia chini, mahali pombe inapotokea, na kutokea juu, mahali mvuke unapoingilia. Yakiingia kwa juu, pombe hukutana mwishoni na maji yaliyokwisha kupata joto. Kosa hili linatokea mara nyingi zaidi kuliko unavyodhani, hasa baada ya mtambo kufunguliwa kwa usafi na kufungwa na mtu mwingine.

Hilo likiwa sahihi, fikiria kuziba. Maji ya ziwa hayana chokaa nyingi, kwa hiyo ukiona utando ndani ya kipoza kuna uwezekano mkubwa kuwa ni tope na mwani, navyo huondoka kwa brashi ndefu na maji ya kasi. Utando mweupe mgumu unaotoa mapovu ukiwekewa ndimu ni dalili kwamba unatumia maji ya kisima. Anayevuta maji moja kwa moja kutoka ziwani aweke chujio la wavu mpana kwenye mdomo wa bomba na lingine la wavu mwembamba kabla ya pampu, kwa kuwa mizizi ya magugu maji huzunguka panga za pampu na kupunguza maji kidogo kidogo bila kuyakata kabisa.

Yote hayo yakiwa sawa na pombe bado ni ya moto, ndipo tunapoweza kusema kipoza ni kidogo. Hata hapo, kabla ya kukitupa, elewa kwamba kina kazi mbili: kugeuza mvuke kuwa kimiminika, na kukipoza kimiminika hicho. Kazi ya kwanza haiathiriki sana na maji yetu, kwa sababu kati ya mvuke wa nyuzi 80 na maji ya nyuzi 25 bado kuna tofauti kubwa. Kazi ya pili ndiyo inayoumia, maana kuishusha pombe hadi nyuzi 30 kwa maji ya nyuzi 25 kunaacha tofauti ya nyuzi tano tu mwishoni, na tofauti ndogo hudai uso mkubwa wa kupozea. Kwa hiyo marekebisho ya gharama nafuu ni kuunganisha kipoza cha pili kwa mfuatano, kwa mfano koili ya shaba nyekundu ndani ya pipa dogo la chuma cha pua, ambayo maji mapya huipitia kwanza kabla ya kwenda kwenye kipoza kikubwa.

Pombe ikitoka kwa mikupuo na kukoroma badala ya uzi mmoja mwembamba, tazama kama koili au bomba la mvuke lina sehemu iliyobonyea au kulegea. Njia yote kutoka kwenye kichwa cha chungu inapaswa kuteremka bila kupanda hata kidogo. Pombe ikituama kwenye bonde hufunga njia, mvuke husukuma kwa nyuma yake, na mkupuo hutokea. Kwenye mnara, yaani bomba pana la wima juu ya chungu, wenye sahani au uliojazwa wavu wa shaba, mikupuo ya aina hiyohiyo inaweza kumaanisha kwamba joto ni kubwa kupita uwezo wa mnara na kimiminika kinashindwa kurudi chini. Punguza joto kwa robo moja, na kama utulivu ukirudi umepata jibu.

Dalili: umeme ukikatika, chumba kinajaa harufu

Chungu cha elementi kina nafuu kidogo, kwa kuwa pampu na joto huzimika pamoja, ingawa chungu kilichokwisha kuchemka huendelea kutoa mvuke kwa muda. Chungu cha gesi au kuni hakina nafuu hiyo: pampu inasimama na moto unaendelea. Yeyote anayepasha joto kwa moto wa wazi na kutegemea pampu ya umeme anahitaji tanki la akiba lililoinuliwa juu ya kipoza, lenye maji ya angalau nusu saa yanayoshuka kwa uzito wake yenyewe. Kwa mfano wetu hizo ni lita 130, na mimi ningeweka 300. Katika mtambo wa elementi, funga termostati kwenye bomba la pombe baada ya kipoza na uiunganishe na swichi kuu ya elementi, ili ikizidi nyuzi 40 ikate joto bila kumsubiri mtu. Hiki ni kifaa cha bei ndogo, na sijaona sababu ya kiwanda chochote kukikosa.

Dalili: chungu kinachelewa kuchemka, au kinafifia kuelekea mwisho

Lita 200 za pombe mbichi, yaani iliyochacha lakini haijakenekwa, zikianzia nyuzi 25 huchukua saa mbili na nusu hivi kufikia kuchemka kwa kilowati 6. Ikiwa zinachukua saa nne, pima volti kwenye elementi wakati zinafanya kazi. Nguvu ya elementi hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo elementi ya volti 230 inayopata 190 hutoa asilimia 68 tu ya nguvu yake, na kilowati 6 zako zimekuwa 4 na kidogo. Tatizo huwa mara nyingi ni waya mwembamba kutoka kwenye mita hadi kwenye mtambo. Waya ukiwa na joto ukiushika, ubadilishe leo.

Wenye koti la maji lililo wazi, yaani chombo cha nje chenye maji ya moto kinachokizunguka chungu, hulalamikia jambo tofauti: mkeneko unaanza vizuri na kufa kabla ya kumalizika. Koti hilo haliwezi kupita nyuzi 96 hapa kwetu. Mwanzoni, pombe ya asilimia 8 huchemka karibu nyuzi sita chini ya hapo na joto linapita vizuri, lakini alkoholi inavyopungua ndani ya chungu, joto la kuchemkia hupanda mpaka lifikiane na la koti, na joto halina tena pa kwenda. Kuongeza kuni hakusaidii. Marekebisho ni kutumia koti la mafuta, au koti la mvuke lenye shinikizo dogo na vali ya usalama, ambalo lazima litengenezwe na fundi wa vyombo vya shinikizo na kukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Dalili: ladha ya kuungua, na povu linalofoka hadi kwenye kipoza

Pombe iliyotoka ikiwa na rangi na harufu ya molasi haijakenekwa, imefoka. Punguza ujazo wa chungu hadi theluthi mbili kwa molasi, pandisha joto taratibu unapokaribia kuchemka, na uache uchachushaji ukamilike, kwa kuwa pombe ambayo bado inachacha ina gesi ndani yake na hutoa povu jingi. Vipipa vya kuchachushia vilivyo wazi vifunikwe kwa kitambaa chembamba, hasa siku zile mawingu ya wadudu wa ziwani yanapoingia nchi kavu.

Ladha ya kuungua hutokana na vitu vizito, yaani rojo ya ndizi, chachu iliyotuama au mashapo ya molasi, kushika kwenye elementi au kwenye kitako chembamba kilichopigwa moto. Acha pombe mbichi itulie siku moja au mbili na uhamishe ile ya juu tu. Kama unataka kukeneka pamoja na rojo, elementi za kuzamishwa hazikufai kabisa. Nunua chungu chenye koti na panga la kukorogea tangu mwanzo, kwa sababu marekebisho ya baadaye hugharimu karibu sawa na chungu kipya.

Dalili: harufu mbaya kwenye pombe iliyo tayari

Hapa pua ndiyo kipimo, na kila harufu ina njia yake.

Harufu ya yai viza au kabichi iliyopikwa kupita kiasi ni misombo ya salfa inayotolewa na chachu. Shaba nyekundu huinasa, na hii ndiyo sababu ya viwanda vikubwa kuendelea kutumia madini hayo ya gharama. Mtambo wa chuma cha pua mtupu ni imara na rahisi kusafisha, lakini huiacha harufu hiyo ipite. Chaguo ninalolipendekeza kwa mtaji mdogo ni chungu cha chuma cha pua chenye kichwa na bomba la mvuke vya shaba nyekundu. Aliyekwisha kununua cha chuma cha pua anaweza kujaza wavu wa shaba nyekundu kwenye kichwa cha chungu, mradi auoshe kila baada ya kazi, maana shaba iliyovikwa utando mweusi hainasi kitu.

Harufu ya plastiki au mpira hutoka kwenye gasketi, mipira ya kupokelea au ndoo. Alkoholi yenye nguvu na joto huyeyusha vitu ambavyo maji hayaviyeyushi. Njia yote ya mvuke na ya pombe kali iwe ya shaba nyekundu, chuma cha pua au glasi, na gasketi ziwe za tefloni. Viungo vichomelewe au vilehemiwe kwa lehemu ya fedha isiyo na kadimiamu. Mabomba ya mabati hayaruhusiwi, na vali za shaba njano ziepukwe kwa kuwa nyingi zina risasi kidogo. Muulize fundi kabla hajaanza, na kama hawezi kukuonyesha pakiti ya lehemu yake, tafuta mwingine. Mimi nilikubali neno la fundi mmoja bila kuona pakiti, na nililazimika kuvunja viungo vyote vya kichwa na kuvianza upya.

Harufu ya gundi au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ni ya kichwa, yaani sehemu ya kwanza ya mkeneko, na ikiwa kali mno ni dalili kwamba pombe mbichi iliingiliwa na bakteria wa siki. Tenga kichwa zaidi, lakini urudi pia ukasafishe vipipa vya kuchachushia.

Hapa lazima niseme juu ya methanoli, kwa sababu dhana potofu inayoenea inaweza kuua. Wengi huamini kwamba methanoli yote hutoka mwanzoni na kwamba kumwaga kichwa kunamaliza hatari. Ni kweli kwamba methanoli tupu huchemka katika nyuzi 64.7 kwenye usawa wa bahari, lakini ikiwa imechanganyika na maji na alkoholi hutawanyika katika mkeneko mzima. Asili yake ni pektini ya matunda, kwa hiyo ndizi na matunda yenye maganda hutoa zaidi kuliko molasi. Udhibiti wa kweli ni kumenya matunda, kuepuka yaliyooza na kupeleka sampuli ya kila aina ya bidhaa maabara. Pua na kiberiti havipimi methanoli.

Dalili: rangi ya kijani, ukungu, na kileo kisicholingana na lebo

Rangi ya kijani au buluu ni chumvi za shaba. Hutokea mtambo ukikaa wiki kadhaa ukiwa na unyevu. Chemsha maji yenye asidi ya sitiriki, suuza, na ukaushe. Maji hayo ya kusafishia na masazo ya chungu yasielekezwe ziwani.

Ukungu unaotokea unapoongeza maji una visababishi viwili: maji yenye chumvi nyingi, au mkia ulioingia kwenye moyo na kuleta mafuta yasiyoyeyuka kwenye kileo kidogo. Jaribu glasi moja kwa maji yaliyokenekwa. Ukungu ukitoweka, tatizo ni maji. Ukibaki, kata mkia mapema zaidi.

Kuhusu kipimakileo, vingi vimepimwa kwa pombe ya nyuzi 20. Pombe ya asilimia 40 yenye nyuzi 30 itaonyesha karibu 44, na anayeiongezea maji ili isome 40 anauza asilimia 36 kwa lebo ya 40. Ipoze sampuli kwenye maji ya barafu hadi nyuzi 20, au tumia jedwali la masahihisho.

Dalili: chungu kimebonyea chenyewe usiku

Mwendeshaji alifunga vali zote baada ya kazi ili pombe isipotee. Mvuke uliobaki ukapoa na kuwa maji, ndani pakabaki karibu utupu, na hewa ya nje ikakandamiza kuta. Chungu chenye kuta nyembamba hukunjika kama kopo. Haya yanaweza kutokea hata mchana, maji baridi yakimwagwa ghafla kwenye chungu cha moto kilichofungwa. Agiza vali ya kuingiza hewa ifungwe juu ya kichwa pamoja na vali ya kutoa shinikizo, na mpaka zitakapofungwa, acha njia ya bomba la pombe wazi usiku kucha, chombo cha kupokelea kikiwa kimeondolewa ili bomba livute hewa badala ya pombe.